Paa Moja na Mkwe

Peres alipoambiwa atapelekwa Mombasa alikuwa nyuma ya pazia, na pazia lenyewe alilishona kwa mkono wake.

Hakujificha kwa kupenda. Ni heshima tu. Kwao Funyula, magharibi ya nchi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso ovyo ovyo, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Kwa hiyo kila Ivyne alipomleta mumewe pale Kabiria, Peres alivuta pazia linalogawa jiko na sebule, akaketi kwenye kigoda upande wa pili, akafuata mazungumzo kama mtu anayesikiliza redio. Chakula kilipita kwa mkono wa Emmah, kitinda mimba wake. Mkwe mwenyewe, Norman, kijana wa Kikuyu wa kule Kinoo, mwanzoni aliona mambo haya ni vituko. Baadaye akazoea. Alijua kuku akiwa mtamu aseme kwa sauti, ili sifa ivuke pazia.

"Baba," Norman alimwambia mzee Shem Obuya Jumapili ile, sauti akiipandisha kidogo kwa ajili ya pazia, "mwezi wa nane tunawapeleka Mombasa. Siku nne. Treni kwenda, treni kurudi. Nimeshalipia."

Nyuma ya pazia mwiko ulianguka.

Msomaji asicheke. Kwenye kabati la vyombo la Peres kuna kichupa cha maji ya bahari ambacho kimekaa pale tangu Ivyne akiwa shule ya msingi. Aliletewa na Virginia, mama yake Norman, ambaye wakati huo alikuwa tu mwenye ploti, zile nyumba za kupanga walimokaa, na hakuna aliyeota kwamba siku moja wangeunganishwa na watoto. Virginia alikuwa amekwenda Pwani na kina mama wa kanisa lake. Alirudi na picha akiwa amesimama chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizovuka barabara, mkono kiunoni, akawagawia wapangaji maji ya bahari kijiko kimoja kimoja, eti yanaondoa mikosi. Peres alionja, akatema, akacheka hadi akaketi chini. Tangu siku hiyo alikuwa na hamu ya kuona mahali ambapo maji mengi hivyo yanaweza kutiwa chumvi. Hakuwahi kuisema sana hamu hiyo. Mtu anayeshona mapazia ya watu kando ya barabara ya Kabiria hasemi mambo ya bahari kila siku, watu watamwona anaringa.

"Tutaona Fort Jesus?" Emmah aliuliza.

"Tutaona. Na feri ya Likoni tutapanda, na zile pembe tutapiga picha mpaka simu zichoke."

Chai haikuwa imepoa, na Peres kule jikoni alikuwa tayari amelitumia grupu la kina mama wa kanisa ujumbe: Wapendwa, Bwana ametenda, naenda Mombasa. Pongezi zikaanza kuingia, simu ikawa inatetemeka juu ya debe la unga. Hapo ndipo Shem, mtu wa maswali machache, fundi wa viti na makabati kule Ngong Road, alipouliza la kwake.

"Na tutalala wapi, kijana wangu?"

"Nyumba nzima nimekodi, baba. Nyali, karibu na maji. Vyumba vitatu. Nyinyi chumba chenu, Emmah chake, mimi na Ivyne chetu. Tukae pamoja kama familia."

Simu iliendelea kutetemeka. Kisha sauti ya Peres ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, kama ya mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Mwambieni asante sana. Mimi siendi."

*

"Mama, kwani tuko mwaka gani?" Ivyne alisema wageni walipokuwa wanaondoka, yaani yeye mwenyewe na mumewe. Alikuwa amemwacha Norman nje kwenye gari, akarudi ndani, macho yamejaa maji. "Unajua anafikiria nini? Anafikiria humtaki kwa sababu ni Mkikuyu."

"Nani amesema simtaki? Nampenda huyo kijana. Ndiyo maana siwezi kulala naye nyumba moja."

"Sasa hiyo nitamwelezaje?"

"Mweleze hivyo hivyo."

Ivyne alitazama dari kana kwamba jibu liko huko. Juu ya dari hakukuwa na jibu, kulikuwa na tone. Lilikuwa manyunyu ya Julai tu, wala si mvua ya maana, lakini paa la nyumba nambari saba halikuchagua mvua. Tone likaanguka kwenye karai, ting, na Ivyne akaondoka haraka bila kumaliza maneno. Peres aliona binti yake ana jambo, lakini akadhani ni hasira.

Lile paa lilikuwa kero ya pili ya maisha yake. Baada ya mzee Mungai, baba yake Norman, kufariki, mjane wake Virginia aliwaambia wapangaji kwamba ploti sasa ina mwenyewe mwingine, kodi iende kwenye nambari mpya ya malipo, na malalamiko yatumwe kwa simu iliyoandikwa kwa rangi pale langoni. Mwenyewe huyo hakuna aliyemwona. Peres hakuona vizuri kumwuliza Virginia zaidi, maana kumhoji mama wa mkwe wako habari ya mali yake ni kukosa adabu. Basi akawa anatuma ujumbe wa sauti kwa ile simu ya langoni, na kwa kuwa alikuwa anamtumia mtu asiyemjua, hakuubana ulimi.

Jioni ile, akiwa na uchungu wa Mombasa, aliishika simu. "Mwenye nyumba, mimi ni yule mpangaji wa nambari saba. Maji yanaingia. Nimekwambia Aprili, nimekwambia Mei. Wewe ni mtu wa aina gani? Mama yako analala mahali pakavu, sivyo? Kodi yangu unakula, paa langu hutaki kuliona. Mungu anakuona, na akichoka kukuona atakuonyesha."

"Peres," Shem alisema akiwa amelala chali kwenye kochi, "mtoto wa watu alituma fundi Mei."

"Alituma fundi akasema bati zote zing'olewe, tuhame siku nne. Tuhamie wapi? Kwa Ivyne? Kwa mkwe?"

Shem akageukia ukuta. Alikuwa anajua kuchagua vita.

*

Kufikia Jumatano kina mama walikuwa wameanza kuleta chupa.

Hili Peres hakulitazamia. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, anakunja pindo, wa kwanza akaingia na chupa tupu ya maji ya kununua. "Uniletee ya bahari, dada. Mguu wangu unasumbua." Wa pili akaja na chupa ya sosi iliyooshwa vizuri. Wa tatu akaleta mbili, moja ya mwanawe anayefanya mtihani. Wakazipanga dirishani, na kila mpita njia akawa anauliza, na Peres akawa anaitikia kwa kicheko kisichofika machoni. Kusema "siendi" kulimshinda. Angesema nini? Kwamba nyumba ina vyumba vitatu lakini paa ni moja? Wangemwelewa wa kwao, lakini wengine wangemcheka hadi Krismasi.

Alhamisi alikwenda mjini kununua kitambaa Biashara Street, na kwa kuwa moyo haukutulia akapitia kwa Rachael, dada yake Shem, anayeuza mabegi ya safari pembeni ya barabara ya Tom Mboya. Njiani alipita karibu na lile jumba refu la mikutano, akakuta wageni wametoka sijui nchi gani, shingo zimepinda nyuma, wanalipiga picha. Peres akasimama naye akalitazama. Miaka yote Nairobi, na alilijua tu kama mahali pa kupindia kona. Kumbe kila mtu ana cha kwao ambacho hakitazami, akawaza, akaenda zake akizidi kuitamani bahari.

Rachael alikuwa mtu wa kuulizwa mila. Alimsikiliza akilifuta vumbi begi jekundu.

"Hiyo nyumba ya Mombasa ni ya nani?"

"Ya kukodi."

"Nani analipa?"

"Norman."

"Basi siku hizo ni ya Norman. Nyumba ni ya anayelipa, wifi. Ukilala humo umelala kwa mkwe, na yeye mwenyewe yumo ndani. Haiwezekani."

"Na nikilipa mimi?"

"Ukilipa wewe ni yako. Lakini hapo yeye asilale kwako, maana atakuwa amelala kwa mama mkwe. Ni upanga wenye makali kuwili."

"Kwa hivyo nifanye nini, Rachael?"

"Umeniuliza mila, nimekujibu mila. Hukuniuliza njia." Kisha akamhurumia, akalisukuma lile begi jekundu mbele. "Lakini chukua hili. Utanilipa ukirudi. Sijawahi kuona mtu anayetaka safari hivi akakosa."

*

Virginia alikuja Jumamosi bila kupiga simu, na hiyo pekee ilionyesha mambo ni mabaya. Aliketi kwenye kochi, akakataa chai. Mkikuyu akikataa chai ujue ameumia.

"Mama Ivyne," alisema, "sisi tumekukosea wapi?"

"Hamjanikosea."

"Kijana wangu hali chakula. Amelipia nyumba, amelipia treni, ameomba likizo ofisini, na umemwambia hapana mbele ya mke wake. Mimi nimekujua wewe tangu ukiwa na Ivyne mgongoni. Kama ni mambo ya kabila ungeniambia kabla sijapeleka mbuzi wa mahari."

Peres alihisi uso unamchoma. Akaeleza, pole pole, yote: pazia, paa, na Rachael na upanga wake. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Virginia ulivyokuwa unabadilika, ukatoka hasira, ukaingia mshangao, kisha ukaingia kitu kingine ambacho Peres hakukielewa. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Hulali nyumba ya mkwe," Virginia alisema.

"Silali. Hata kwa dakika."

"Hata kama anayelala hajui?"

"Mila haijali kama anajua."

Virginia akaziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yakaanza kutikisika. "Ngai," alisema alipopata pumzi. "Nilimwahidi Ivyne sitasema. Sasa nitasema. Mama Ivyne, hii ploti tulimpa Norman. Walipooana. Baba yake alikuwa ameiandika hivyo."

Tone likaanguka kwenye karai. Ting.

Peres alitazama kuta, akatazama kitanda kupitia mlango wa chumbani, akatazama mto wake. Tangu harusi. Misimu ya mvua mizima amelala kwa mkwe, amekoroma kwa mkwe, amevaa kanga moja akipigana na kunguni kwa mkwe. Akashika kifua. Kisha likamjia jambo baya zaidi kuliko hilo.

"Virginia. Ile simu ya langoni."

"Ni yake."

"Anasikia?"

"Zote. Ile ya Aprili, kwamba hata ukuta una masikio kumliko yeye, alinichezea mimi jikoni. Ile ya Jumapili, ya mama yako analala mahali pakavu, hiyo alinitumia kabisa. Nikamwambia, ni kweli, mimi nalala mahali pakavu."

Hapo wakatazamana, na kicheko kikawashika wote wawili kwa mpigo. Virginia alicheka hadi viatu vikatoka. Peres alicheka na kulia, alikuwa na aibu na raha pamoja, hata hakujua ashike ipi. Emmah alikuja mbio akidhani kuna msiba.

"Sasa kwa nini hakutengeneza?" Peres aliuliza akijifuta macho.

"Alitaka apande mwenyewe juu, ana mikono ya baba yake. Ivyne akamwambia, ukikanyaga paa la mama yangu hiyo ni laana. Akatuma fundi, ukamfukuza. Ndiyo akafikiria, nifanyeje huyu mama atoke siku nne bila kujua? Mombasa ilikuwa ya kukutoa ndani, Mama Ivyne. Bati ziko kwangu Kinoo, zimefunikwa na turubai."

Peres akanyanyua karai, akamwaga maji nje. Huyu kijana alitukanwa Aprili, akatukanwa Mei na Julai, naye akakaa kimya kwa heshima, akinunua bati.

"Mwambie aje," alisema. "Na sasa nipikie nani chai?"

"Mimi," Virginia akasema. "Ya maziwa mengi."

*

Norman alikuja jioni, akasimama sebuleni kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Shem alikuwa kwenye kochi, shahidi. Pazia lilikuwa mahali pake.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" pazia liliuliza.

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Kodi yangu umekuwa ukiipata?"

"Hata mwezi mmoja hujachelewa."

"Basi hii nyumba ni yangu. Nyumba ni ya anayelipa, Rachael amesema. Wewe ni wa kulaumiwa kuhusu paa tu."

Norman alimtazama Shem. Shem akatazama viatu vyake, anajizuia.

"Hiyo ya Mombasa," pazia likaendelea. "Hakuna chumba cha nje? Chenye paa lake?"

Norman alifikiri. "Kuna kanyumba nyuma, ka mlinzi. Siku hizi mlinzi hakai. Ni kadogo, mama, kana makuti juu. Si mahali pa kukuweka wewe."

"Kana mlango wake?"

"Kana."

"Unanikodisha pesa ngapi?"

"Ai, mama. Kaa tu bure."

"Cha bure ni chako. Taja bei."

Norman akataja bei ya soda mbili. Pazia likakasirika. "Unanidharau? Hiyo ni zawadi, siyo kodi. Ongeza." Akaongeza kidogo. "Ongeza." Akaongeza tena, jasho linamtoka. "Hapo bado ni pa mkwe, ongeza mpaka pawe pa mpangaji." Ploti nzima ilikuwa imetoa viti nje kusikiliza, na wote waliapa baadaye kwamba haijawahi kuonekana Kabiria mpangaji anapandisha kodi na mwenye nyumba anaishusha. Walipofika mahali pa heshima, Emmah akapiga vigelegele, na simu ya Norman ikalia mlio wa pesa kuingia.

"Sasa," Peres alisema, "twendeni tukaione bahari."

*

Walisafiri na begi jekundu la Rachael, limejaa chupa tupu. Kule kwenye kituo cha treni mabegi yote yalipangwa chini, mbwa wa polisi akanusa moja moja, na alipofika kwenye lile jekundu akainamisha kichwa, chupa zikagongana. Askari akafungua. "Mama, chupa zote hizi tupu ni za nini?"

"Zinaenda kujazwa," Peres alisema, na foleni yote ikacheka, maana karibu kila familia ilikuwa na zake.

Ndani ya treni lilizuka swali jipya. Behewa ni paa moja. Peres alilimaliza mwenyewe: kukaa si kulala, hivyo yeye hatasinzia. Shem alilala kabla ya Athi River. Ivyne akalala, Emmah akalala. Peres alikaa wima, macho makavu, ndiyo maana ni yeye peke yake katika familia aliyewaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi, wamesimama karibu na reli. Viti vitatu mbele Norman naye alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, shingo imeangukia dirisha. Peres alimtazama kidogo, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Akavua leso mabegani, akamgusa Emmah.

"Amka. Mpelekee mwenye nyumba, umfunike shingo. Baridi ya hizi mashine ni mbaya."

Asubuhi ya siku ya mwisho, kabla ya treni ya kurudi, walisimama chini ya zile pembe. Magari yalipita katikati, wapiga picha wanaita wateja, na watu wa Kakamega, wa Nyeri, wa Uganda, wazungu wenye kofia, wote wamepinda shingo. Peres alikuwa ameshaiona bahari tangu alfajiri ya kwanza. Alikuwa ameingia hadi magotini, akaonja, akatema, akacheka peke yake. Sasa aliinua mkono akaligusa lile pembe karibu na chini, akaligonga kwa kidole. Likalia. Akaligonga tena, uso ukang'aa kwa jambo ambalo mpangaji tu ndiye angelifikiria.

Norman alikuwa upande wa pili wa barabara, mbali kwa heshima, akimpiga Ivyne picha. Peres akatoa simu, akaitafuta ile nambari ya langoni, akabonyeza.

"Mwenye nyumba, mimi ni yule mpangaji wa nambari saba. Nimefika kwenye pembe. Kumbe ni za bati, siyo ndovu. Bati zimekaa kwa jua na mvua miaka yote hii na watu wanatoka mbali kuzitazama. Sasa nauliza, hizo umeniwekea mimi Kabiria ni za geji gani? Usije ukaniwekea zile nyembamba."

Upande wa pili Norman aliishika simu sikioni, akainama akicheka, Ivyne akamshika mgongo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, ile nambari ikajibu.

"Geji ishirini na nane, mama. Fundi amenitumia picha sasa hivi. Mvua imenyesha Kabiria tangu asubuhi, na karai lako ni kavu."

Peres aliusikiliza ujumbe ule, akausikiliza tena, akampa Shem naye ausikilize. Kisha akalikalia begi jekundu chini ya pembe za bati, akalia wazi wazi mbele ya wageni wa dunia nzima, na mpiga picha mmoja akamwuliza kama angependa kupigwa hivyo hivyo.

"Nipige," Peres alisema.